Mkono wa Pyo Gi-hun

Mwaka ule Korongo wa Gangneung, timu yetu ya besiboli, walikuwa wa tano kwenye msimamo wa ligi, na mji mzima ulijifanya una furaha. Timu ziko kumi, tano za juu ndizo zinazoingia mtoano wa Oktoba, na sisi tulikuwa tumejishikiza pale pa mwisho tangu Mei. Wazee waliokuwa wanakaa mbele ya duka la dawa walisema kocha Do Man-sik ni fundi. Mwalimu wangu wa hisabati alisema kocha Do ni fundi. Mimi nilisema kocha Do ni mwizi, na anachoiba ni mkono wa Pyo Gi-hun, tena anauiba hadharani, mbele ya kamera, huku watu wanampigia makofi. Nikaambiwa nikasome.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, kidato cha mwisho, mwaka wa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mwaka huo mtoto haruhusiwi kuwa na maoni juu ya kitu chochote ila majibu ya kuchagua. Mama alikuwa na mgahawa wake nyuma ya soko, anauza supu ya matonge ya viazi, na maoni yangu juu ya besiboli aliyaita upepo. "Kama upepo huo unaweza kukupeleka chuo, basi endelea kupuliza," alikuwa anasema. Jina langu ni Ok Se-ryeong, lakini mama akikasirika huniita Kocha.

Gi-hun alikuwa mrushaji, ila si wa kuanza mechi. Alikuwa zimamoto. Yule anayeanza akichoka, wapigaji wa upande wa pili wakianza kumchapa na wenzao wakijaa uwanjani, ndipo zimamoto anaitwa kuja kuokoa. Akishaokoa leo, kesho anapumzika, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Gi-hun aliokoa leo, akaokoa kesho, na keshokutwa akaambiwa apashe mwili, akae, apashe tena, akae tena, halafu asiitwe. Watangazaji wakasema leo amepumzika. Mipira ya kupasha mwili haimo kwenye takwimu, kwa hiyo kwao haikurushwa.

Basi kama moto ungekuwepo kweli ningenyamaza. Tukiongoza kwa alama nane, aliitwa. Tukiwa tumepigwa mpaka watu wameanza kuondoka kuwahi mabasi, aliitwa. Nilikuwa naangalia kwenye simu chini ya dawati kwenye tuisheni, na nikiona ule mlango wa uzio wanapopashia mwili warushaji unafunguliwa na namba yake inatoka, nilikuwa naigeuza simu kifudifudi.

Na yeye asingekataa. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma zaidi. Kocha Do alimfundisha tangu sekondari. Baba yake Gi-hun biashara ilipomwangukia na akapotelea mjini Incheon, ni kocha Do aliyemlisha yule mvulana, akamnunulia glavu na viatu, akamlipia kambi za mazoezi. Gi-hun alimwita Mwalimu, hata mbele ya waandishi, hata alipokuwa na miaka ishirini na minne na mshahara wake mwenyewe. Mtu aliyekulisha ukiwa na njaa, ukamwambie leo nimechoka? Kwetu maneno hayo hayana pa kutokea.

Jumatatu ligi inapumzika, na Jumatatu Gi-hun alikuwa anakula kwetu. Alikua kwenye chumba cha juu ya mgahawa, wao walikuwa wapangaji, kwa hiyo mama ni mama yake mdogo na mimi ni mdogo wake, hatukuwahi kuulizana damu. Jumatatu moja ya Julai alikuja, akakaa meza yake ya karibu na feni, akaanza kula. Mama akasimama na sahani ya kachumbari ya figili mkononi, akamtazama.

"We Gi-hun, tangu lini unakula kwa mkono wa kushoto? Watu wakikuona watasema mimi ndiye niliyekuharibu."

"Nafanya mazoezi, mama mdogo. Nataka nirushe kwa mikono miwili, nilipwe mara mbili."

Mama akacheka, akaweka sahani. Mimi sikucheka.

"Kaka, unaumwa."

"Nani kasema?"

"Kiwiko chako kimesema. Hata kijiko hukinyanyui."

"Daktari huyu hapa," akamwambia mama. "Mtihani bado, ameshaanza kutibu watu."

"Mwambie kocha umechoka. Aone wengine, timu ina warushaji kumi na wawili, kwani hao wengine ni mapambo?"

Akaweka kijiko chini. Hakukasirika. Gi-hun hajui kukasirika, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la malezi. "Mdogo wangu," akasema, "mambo ya timu yana njia yake. Kula, supu inapoa."

Nikala. Lakini jioni ile niliingia kwenye jukwaa letu la mashabiki mtandaoni nikaandika mpaka vidole vikauma. Huko niliitwa Chumvi, na watu walinisoma. Nilikuwa na sifa ya kutomchekea mtu. Niliandika kuhusu kile kijiko bila kusema ni mgahawa gani, nikaandika kuhusu mipira ya kupasha mwili, nikaandika kwamba tukinyamaza mpaka Oktoba tutakuwa na kumbukumbu ya mtoano mmoja na kijana asiye na mkono. Majibu yalimiminika. Mtu mmoja akauliza, sasa tufanye nini? Mwingine akajibu: lori.

Hapa kwetu watu wakiwa na hasira na kampuni hawarushi mawe. Wanakodi lori dogo lenye kioo kikubwa ubavuni, kioo kinaandikwa malalamiko kwa herufi za taa, na lori linazunguka mbele ya makao makuu ya hiyo kampuni kutwa nzima, polepole, na dereva amevaa glavu nyeupe. Mashabiki wa waimbaji ndio walioanza, wa besiboli wakaiga. Hakuna kelele wala hakuna anayekamatwa. Unalipia lori likasirike kwa niaba yako. Korongo ni mali ya kampuni moja ya saruji yenye makao yake Seoul, kwa hiyo lori letu lingekwenda Seoul. Michango ilijaa kabla ya jioni ya kesho yake.

Tukakutana kwenye duka la kahawa karibu na kituo cha treni kuamua maneno. Mkusanyaji wa michango alikuwa Noh Beom-jun, mtu wa bima, kipara kimeshaanza, shati limechomekwa vizuri. Mtandaoni alikuwa ananiita mheshimiwa Chumvi. Niliingia na sare ya shule.

"Samahani, binti, meza hii ina watu," akasema.

"Mimi ndiye Chumvi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Mwaka mzima," akasema taratibu, "mwaka mzima nimekuwa nikiomba ushauri kwa heshima zote kwa mtoto wa shule."

"Na ushauri ulikuwa mzuri, kaka Beom-jun."

"Ulikuwa mzuri," akakubali, akanisogezea kiti. Tangu hapo aliniita Chumvi bila umheshimiwa.

Yeye alitaka lori liandikwe KOCHA DO ONDOKA. Nikamwambia mashabiki wa kila timu inayofungwa wanaandika hivyo, kampuni haitafungua hata pazia. Liandikwe jina la Gi-hun, watu wamwone mtu, waone mkono. Meza nzima ikaitikia, isipokuwa dada mmoja anaitwa Tak Yeon-ju, mshonaji wa jezi za mashabiki, ambaye alikuwa anakoroga kahawa yake.

"Yeye mwenyewe ameulizwa?" akasema.

"Akiulizwa atasema haumwi," nikajibu. "Ndiyo maana tunamsemea."

"Mimi nauliza tu. Jina ni lake."

"Na mkono ni wake, dada. Sasa hivi unatumiwa na kila mtu isipokuwa yeye."

Watu wakapiga meza kwa kufurahi, naye akarudia kukoroga kahawa yake. Bado naona jibu langu lilikuwa sahihi. Lori likaandikwa: MKONO WA PYO GI-HUN SI MALI YA KOCHA. MPUMZISHENI.

Likaingia barabarani Jumanne moja ya Agosti, joto la kuchemsha lami. Nilikuwa kwenye masomo ya likizo. Simu ikatetemeka mapajani, nikaangalia chini: picha ya lori mbele ya jengo la kampuni, herufi nyekundu, walinzi wawili wamesimama mlangoni hawajui washike nini. Kufikia saa sita mchana magazeti yote ya michezo yalikuwa na ile picha. Kufikia saa nane mwalimu wa hisabati, yuleyule wa kocha Do ni fundi, alisema mbele ya darasa kwamba na yeye siku zote alikuwa anaona yule kijana anatumikishwa. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivyo mwaka ule.

Jioni, kabla ya mechi, waandishi walimzunguka kocha Do kwenye benchi. Kocha Do ana uso wa mtu anayesubiri basi. Wakamuuliza kuhusu lori.

"Sijamlazimisha mtu," akasema. "Mwenye mkono yupo, muulizeni."

Wakamuuliza. Gi-hun alivua kofia, akainama kwa kamera mpaka nikaona utosi wake. "Nimewasumbua watu, na nimemsumbua Mwalimu," akasema. "Mkono wangu ni mzima. Siku zote nilizorusha niliomba mwenyewe. Na leo nimeomba."

Nilitupa simu kitandani, ikaangukia sakafuni. Mama akauliza kutoka chini kama nyumba inabomoka.

Akarusha Jumanne. Akarusha Jumatano. Jukwaani wenzangu wakaanza kugawanyika, wengine wakisema kocha amemlazimisha kusema vile, wengine wakisema labda kweli mkono ni mzima na sisi ndio wambea. Beom-jun aliandika kwamba lori liendelee, limelipiwa mpaka Alhamisi, na likaendelea. Alhamisi sikwenda tuisheni. Nilikwenda uwanjani.

Nilikaa upande wa washangiliaji, nyuma ya jukwaa la kiongozi wao na ngoma zake. Watu walikuwa na kuku wa kukaanga na ngisi mkavu na bia, watoto wana mabawa ya plastiki ya korongo mgongoni, wote wanaimba. Kila mchezaji ana wimbo wake, na kiongozi akipuliza filimbi wimbo unaanza, hata bibi wa miaka themanini anaujua. Awamu ya nane kati ya tisa tulikuwa mbele kwa alama moja, wao wana wakimbiaji wawili uwanjani wanaonyemelea alama. Mlango wa uzio ukafunguliwa, Gi-hun akatoka akikimbia. Filimbi ikalia. Maelfu ya watu wakasimama kumwimbia na mimi nikabaki nimekaa.

"Hao wa lori waje waone sasa," mzee wa nyuma yangu akasema mdomo umejaa kuku. "Mkono gani unaumwa huo?"

"Mjomba, unaangalia mkono au unaangalia kuku?" nikamuuliza.

"We mtoto, kwenu hawasomi?"

"Angalia kwenye ubao. Mwezi wa tano mpira wake ulikuwa unakimbiaje, na sasa unakimbiaje?"

"Unakimbia kuliko wewe," akasema, na wenzake wakacheka.

Alimtoa mpigaji wa kwanza. Wa pili alimchelewesha, akafuta jasho, akatingisha vidole kwa siri nyuma ya paja. Mdakaji akaenda kwenye tuta la mrushaji kuzungumza naye, na Gi-hun akatikisa kichwa, hapana, hapana, rudi. Akarusha. Mpira ukaruka juu ya kila mtu ukagonga wavu wa nyuma, na wale wawili wakakimbia, mmoja akaingia nyumbani, wakasawazisha. Gi-hun hakuangalia mpira. Alikuwa ameshika kiwiko.

Hakupiga magoti, hakulia. Aligeukia benchi letu na kuinamisha kichwa kumwomba kocha Do radhi, kama mtumishi aliyemwaga chai ya mgeni. Kocha Do akatoka mwenyewe, akatembea mpaka kwenye tuta, akauchukua mpira. Nilikuwa mbali, sikuona uso wake, na hata leo sitaki kusikia ulikuwaje. Kiongozi wa washangiliaji hakujua afanye nini, basi akapuliza filimbi, na watu wakamwimbia Gi-hun ule wimbo wake anapotoka. Ni wimbo wa furaha, una sehemu ya kupiga makofi. Wakapiga makofi.

Mzee wa nyuma alinigusa bega, akataka kusema kitu. Nikamwambia asiniguse.

Ulikuwa mshipa wa kiwiko, umekatika. Upasuaji, halafu mwaka mmoja na zaidi bila kurusha, na baada ya hapo hakuna anayejua. Wiki iliyofuata kampuni ilitangaza kwamba kocha Do amejiuzulu kwa sababu za kiafya. Kwa lugha ya makampuni, hiyo maana yake amefukuzwa na ameambiwa ashukuru. Jukwaa letu likalipuka. TUMESHINDA, mtu aliandika kwa herufi kubwa, na chini yake wengine mia wakarudia neno hilohilo. Beom-jun akawaalika watu kwenda kula kuku.

Nilikwenda. Sijui kwa nini, labda nilitaka kuona uso wa mtu aliyeshinda. Walikuwa na furaha kweli, wamejaa kwenye chumba cha juu cha duka la kuku, wananigongea glasi ya soda kwa glasi zao za bia. Beom-jun akasimama.

"Michango imebaki kidogo," akasema. "Nimefikiri tutume lori jingine. Safari hii zuri. Liende hospitali. PONA HARAKA, PYO GI-HUN."

"Liacheni jina lake," nikasema.

"Chumvi, hili ni la kumtakia heri."

"Nimesema liacheni."

"Kwani jina nani alilileta?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelewa kidogo na alikuwa anauliza tu. "Si wewe uliyesema watu wamwone mtu?"

Dada Tak Yeon-ju alikuwepo, pembeni, na sikutaka kumtazama. Nikachukua begi langu. Nyuma yangu walipiga kura, na lori la pili likapitishwa, ingawa baadaye hospitali ilikataza lisikaribie geti.

Korongo walimaliza wa saba. Naona niliseme hilo, maana kuna watu mpaka leo wanaamini mkono ule ulitolewa kafara kwa sababu ya mtoano. Hatukuuona huo mtoano. Kocha wa muda alipanga warushaji kwa zamu safi kabisa, kila mtu anapumzika siku zake, ungedhani ni ratiba ya kufagia darasa, na tukafungwa kwa utaratibu mzuri. Wazee wa duka la dawa wakasema wanamkumbuka kocha Do.

Septemba, Jumapili, mimi na mama tulipanda treni kwenda Seoul kumwona. Mama alibeba supu kwenye chupa mbili za kutunza joto, na mapeari matatu makubwa. Njiani alisema mara kadhaa nisimchoshe mgonjwa na upepo wangu. Nikamwambia sina upepo wowote.

Gi-hun alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kwenye chuma cha kuuzuia usikunjuke, uso umenenepa kwa kulala. Alifurahi kutuona. Alikunywa supu yote, mama akamshikia bakuli, akasema ya hospitali ina ladha ya maji ya kuoshea mchele. Mama akakaa kumenya peari. Walizungumza kuhusu soko, kuhusu mpangaji mpya wa chumba cha juu ambaye anapiga gitaa vibaya. Nami nikaona ni lazima nimuulize.

"Kaka, kwa nini uliomba kurusha siku zile tatu? Ulikuwa unajua."

Akatazama dirishani kwanza. "Wewe si mtu wa magazeti, nitakwambia," akasema. "Siku moja kabla ya lile lori, Jumatatu, nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Nilipeleka tikiti maji. Nikakaa saa nzima sisemi kitu, mkewe akalikata, tukala, halafu nikasema kiwiko kinaniuma. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Alisema alikuwa ananisubiri niseme. Akasema Jumatano ataniondoa kwenye orodha, nipumzike siku kumi, ikibidi mwezi, atawaambia waandishi nina mafua. Tukamaliza tikiti. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sijawahi kuulala tangu msimu uanze. Jumanne lori likaja."

Kisu cha mama kilikuwa kinazunguka peari polepole, ganda moja refu.

"Si ungepumzika tu," nikasema. "Lori lilikuwa linasema hilohilo."

"Ningepumzika vipi? Nchi nzima ingesema Mwalimu amepigishwa magoti na lori. Tena jina langu liko juu, kubwa hivi. Wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo walinyamaza nilipoingia. Mmoja akaniuliza, nani ndugu yako kule mtandaoni? Walidhani mimi ndiye niliyelituma. Mwalimu hakuuliza. Hakuniuliza hata mara moja, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nikamfuata mwenyewe, nikamwambia nifute kwenye mapumziko, nitarusha."

"Naye akakubali."

"Akakubali."

"Basi ni mwizi bado," nikasema. "Alikuwa anaona tangu Mei. Mtu mzima anamwona mtoto anaumia, anakaa anasubiri aombwe kwa tikiti maji? Huo ndio ualimu?"

"Se-ryeong," mama akasema.

"Mwache, mama mdogo." Gi-hun alikuwa anatabasamu, lakini kwa uchovu. "Hujamjua Mwalimu, mdogo wangu. Angenipumzisha bila mimi kumwomba, ningeonekana nimeachwa. Nilipomwomba tukabaki sawa, mimi na yeye. Ilikuwa imeshakwisha vizuri. Mkono ulikuwa umebakisha siku moja ya kuteseka, daktari amesema ungepumzishwa wakati ule usingekatika." Akanigeukia. "Wewe unashinda huko mtandaoni. Humjui mtu aliyeyaandika yale maneno?"

Ningeweza kusema simjui. Mama asingejua, Gi-hun asingejua, na Jumatatu moja baada ya mwaka mmoja angekuja tena kukaa karibu na feni. Nilifikiri hivyo kabisa, kwa utulivu, na nikaona kwamba nikisema simjui nitakuwa nimeamua bila yeye, kama kila mtu mwingine alivyofanya.

"Namjua," nikasema.

"Ni mtu gani?"

"Ni mimi."

Ganda la peari likakatika, likaanguka kwenye sakafu. Gi-hun alinitazama. Sikuona hasira, na ningeipenda hasira, ningeishika kwa mikono miwili. Akashusha miguu chini ya kitanda, akatafuta ndara zake, akasimama. Kwa ule mkono mzima akanyoosha nguo ya hospitali kifuani. Kisha akaniinamia, chini kabisa.

"Nawashukuru sana mashabiki kwa kutushangilia siku zote," akasema. "Nitajitahidi kurudi nikiwa bora zaidi."

Ni maneno ambayo wachezaji wote huyasema mbele ya kipaza sauti kila baada ya mechi, kwa sauti ileile, kwa watu wasiowajua. Mimi nilikuwa mdogo wake tangu nikiwa darasa la pili. Nikasubiri acheke.

Alirudi kukaa. Akamgeukia mama, akamuuliza kama tumeshakata tiketi za kurudi, maana treni za Jumapili hujaa mapema.